Tirikeza, Hongo, na Mji Tunaoutoa

Kuna mchezo usiohitaji kitu zaidi ya kamusi ya zamani, karatasi chache na watu watano wasioona haya kudanganya. Mmoja anashika kamusi, anachagua neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, analitamka mara mbili. Wengine wanatunga maana zake. Mshika kamusi anaandika maana ya kweli, anazichanganya karatasi zote, halafu anazisoma moja moja bila kubadilisha sauti. Ukiibaini ya kweli unapata alama. Kila anayeuamini uongo wako anakuongezea alama nyingine. Sisi tunauita Kamusi ya Uongo. Nimeucheza Dar es Salaam na waandishi wenzangu kwa miaka kadhaa, ila haujawahi kunoga kama tulipoucheza Tabora, kwa maneno ya njia ya misafara niliyokuwa nimeyaokota kwenye vitabu vya wasafiri wa karne ya 19.

Jaribu hili. Neno ni tirikeza. Chagua kabla hujaendelea kusoma:

Moja, kumrudisha mwali kwao kwa sababu mahari haikutimia. Mbili, kuondoka kambini jua likiwa kali, mkatembea hadi jioni, mkalala pasipo maji ili asubuhi mfike kwenye maji. Tatu, kupunguza mzigo kidogo kidogo bila mwenye mali kujua. Nne, kunyamaza kwa hasira mbele ya mkubwa.

Mezani petu wawili walichagua la tatu, lililotungwa na mwenzetu Mzaramo. Mwenyeji wetu Mnyamwezi alimcheka: "Mtani, hiyo umetunga. Ila imekaa kama nyinyi watu wa Pwani." Jibu ni la pili. Richard Burton, aliyepita njia hii pamoja na John Speke mwaka 1857, aliliandika neno hilo, na Stanley naye akalitumia miaka michache baadaye. Ndani ya neno moja kuna hesabu nzima ya kuvuka nchi kavu: mnapika na kujaza vibuyu mchana mkiwa bado kisimani, mnatembea mpaka giza, mnalala na kiu kidogo, mnamalizia safari alfajiri. Badala ya siku mbili bila maji, mnakosa usiku mmoja tu.

Huo utani wa Mnyamwezi na Mzaramo nao si wa bure. Husimuliwa kuwa ulikomaa humo humo njiani, watu wa bara waliposhuka na pembe hadi Pwani, wakakaa kwenye vijiji vya wenyeji na kuhitaji namna ya kuishi na wageni bila kugombana. Kwa hiyo pale mezani tulikuwa tunatumia kitu kingine kilichoachwa na msafara, hata kabla ya kufungua kamusi.

Ukicheza mara nyingi unajifunza uongo gani unashinda. Uwe mfupi. Utaje mahali. Uwe na kihoja kidogo kinachomfanya msikilizaji aseme, "Aa, kumbe!" Zaidi ya yote, uendane na kile ambacho watu wanakiamini tayari. Maana ya kweli mara nyingi hushindwa kwa sababu haijajipamba.

Sasa chukua kanuni hizo, uzipeleke kwenye majina ya njia yenyewe. Tabora, inasimuliwa, imetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi kukauka, chakula cha kubeba safarini. Unyamwezi wengine husema ni nchi ya mwezi, na wasafiri wa Kizungu waliokuwa wakitafuta ile Milima ya Mwezi ya wanajiografia wa kale walilifurahia sana jina hilo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya kawaida tu: watu wa Pwani waliwaita hivyo waliotoka magharibi, kule mwezi mwandamo unakoonekana. Wenyewe walijitambulisha kwa himaya zao, Unyanyembe ikiwa mojawapo. Naye Tippu Tip, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alieleza katika habari za maisha yake kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Unaona mwenyewe mhusika angependa maana ipi ipigiwe kura.

Hadi hapo ni burudani. Kwenye neno hongo, mchezo unaanza kuuma.

Leo hongo ni rushwa, basi. Lakini kwenye njia ya misafara hongo ilikuwa malipo ambayo msafara uliwapa watemi ili kupita katika nchi zao, na yalihesabiwa kwa vitambaa: doti kadhaa za merikani, ile pamba ghafi kutoka Marekani, au kaniki, au shanga. Ugogo ndiko ilikosumbua zaidi, kwa sababu Ugogo ni kukavu na aliyekupa ruhusa ya kupita alikupa pia maji na nafasi ya kununua chakula. Msafara wa mamia ya watu ukinywa kwenye kisima cha kijiji, kijiji kinabaki na nini? Wasafiri wa Kizungu waliyaandika malipo hayo kwa lugha ya unyang'anyi. Ukiwasoma leo ukiwa na maana ya leo ya hongo kichwani, unawaona watemi waroho wanaovizia wasafiri barabarani. Ukijua maana ya wakati ule, unaona serikali inatoza ushuru na inalinda maji yake. Neno ni lile lile. Aliyebadilika ni mshitakiwa.

Nyapara naye yamemkuta hayo hayo. Siku hizi ni msimamizi wa wafungwa au wa vibarua, mtu wa kufoka. Asili yake ni mnyampara wa Kinyamwezi, mkubwa wa kundi la wapagazi, aliyewasemea mbele ya mwenye msafara. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi au kitambaa cha kununulia. Sasa Tanzania ni hela ya kikao, na Uganda ni ugali wenyewe. Tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa kama ya Kwihara ambamo Livingstone na Stanley walikaa, imebaki kwa wengi kuwa kidonge cha hospitali, au kuku jike anayekaribia kutaga. Doti peke yake ndiyo iliyovuka salama: nenda sokoni Tabora ukaulize kanga, utauziwa kwa doti.

Halafu kuna Bagamoyo. Maelezo mawili yanajulikana. La kwanza ni kwamba mateka walifika ufukweni, wakaiona bahari, wakajua hawarudi, ndipo wakabwaga mioyo yao pale. La pili ni kwamba mpagazi kutoka bara, baada ya miezi njiani na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, alifika akautua na kubwaga moyo: apumzike, alipwe, anunue nguo. Mgeni akipita leo hupewa zaidi lile la kwanza, kwa sababu linafuata kanuni zote za uongo mzuri. Sisemi kwamba ni la uongo. Watumwa walipita njia hii, na mateso yao si hadithi. Ninachosema ni kwamba limeshinda kura kwa sauti kubwa kiasi kwamba la pili halisikiki.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina lina mtumwa, lina pembe, lakini aliyeibeba hiyo pembe hayumo. Mwaka huo huo mwanahistoria Stephen Rockel alitoa kitabu kizima kuhusu wapagazi, akionyesha kwamba wengi wao, Wanyamwezi hasa, walikuwa vibarua huru waliofanya kazi kwa ujira, waliobishana kuhusu posho na uzito wa mizigo, waliogoma na hata kutoroka pale makubaliano yalipovunjwa. Kwa Unyamwezi, kijana kwenda Pwani na kurudi ilikuwa heshima. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ile ilikuwa inaelekea mwisho, na wenye kumbukumbu nayo hawakuwa wenye kuandika kamusi. Kamusi kubwa ya Krapf, iliyotoka London mwaka 1882, ilitungwa na mmisionari aliyekaa Mombasa na Rabai. Maneno ya mpagazi tumeyapata kupitia masikio ya waliomwajiri.

Mtu akija leo kutoka Tabora akafika Bagamoyo, anaambiwa babu yake alikuwa mtumwa, au haambiwi chochote kumhusu. Huenda babu huyo alikuwa mfanyakazi aliyejua bei ya jasho lake. Hilo si jambo dogo kwa nchi ambayo bado inawalipa vibarua kwa kuwakadiria.

Kwenye vitendawili vyetu, ukishindwa unatoa mji. "Nakupa Tabora," unasema, mwenzako anaupokea, anautembea kidogo kwa maneno, ndipo anakupa jibu. Lakini jibu lazima litolewe, hiyo ndiyo sheria. Kuhusu Bagamoyo mji tumeshautoa. Kwa hiyo ukisimama pale na kuelezwa maana ya jina, sikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha mwombe mwenyeji wako akupe na maana ya pili.