Sauti za Monasteri na Kumbukumbu za Ufipa

Mzee wa Sumbawanga aliyeimba Misa kwa Kilatini utotoni, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), alipokea sauti zilizopita njia ndefu.

Katika maktaba ya iliyokuwa monasteri ya Sankt Gallen, Uswisi, kimehifadhiwa kitabu cha nyimbo kilichoandikwa kwa mkono mwanzoni mwa karne ya 10. Juu ya maneno yake zimo alama ndogo ziitwazo neuma. Hazina mistari, zilimkumbusha mwimbaji wimbo aliokwisha kuujua kwa moyo. Mistari ilienezwa na Guido wa Arezzo katika karne ya 11.

Vitabu vingi vya namna hiyo viliangamia. Huko Uswidi, baada ya Matengenezo ya Kanisa, maofisa wa mfalme walivichana, wakafanya kurasa zake za ngozi kuwa majalada ya hesabu za kodi. Vipande zaidi ya 20,000 vimesalia. Sisi Walutheri hatuna budi kulikiri jambo hili.

Katika karne ya 19 watawa wa Solesmes, Ufaransa, walilinganisha hati zilizosalia, na kazi yao ikaandaa njia ya kitabu rasmi cha mwaka 1908. Nyimbo hizo ndizo Mapadri Weupe, waliofika Karema mwaka 1885 kisha wakapanda Ufipa, walizowafundisha Wakristo wao.

Basi, neuma bila mwimbaji ni bubu. Wanafunzi wetu na wawaendee wazee hao, wa dhehebu lolote, wakawasikilize na kuandika, kabla sauti hazijazikwa pamoja nao.