Mvua ya Chini kwa Chini

Mlima Eburru, kaskazini-magharibi ya Ziwa Naivasha, hauna mto. Nilipofika huko nikiwa na kiu, mzee aliyenipokea alinipeleka penye ufa unaofuka moshi mweupe. Bomba lilikuwa limechomekwa ardhini. Mvuke uliingia humo, ukapoa njiani, kisha ukadondoka ndani ya pipa, tone kwa tone.

“Kunywa, kijana wangu,” alisema. “Hii ndiyo mvua yetu ya chini kwa chini.”

Maji yalikuwa vuguvugu, hayana ladha. Nikakumbuka swali la mtihani: jotoardhi ilianza kutumika Kenya lini? Nilijibu 1981, nikapata alama. Mwaka huo mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme. Kwenye mteremko ule jibu langu lilianza kunitia shaka.

Mzee hakukosea kuuita mvuke mvua. Katika Bonde la Ufa, ukoko wa dunia ni mwembamba na miamba iliyoyeyuka iko karibu. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa, hukutana na mawe yenye moto, kisha hupanda tena yakiwa mvuke au chemchemi za maji moto. Wakazi wa Eburru walijifunza kuyanasa, na tangu enzi za ukoloni mvuke huohuo umetumika kukaushia pareto.

Hata jina Olkaria, kusini mwa ziwa, ni la Kimaasai, na linahusu udongo mwekundu wa kujipaka. Mahali hapo palikuwa na jina na kazi kabla ya mashine. Katika miaka ya 1950 wahandisi walichimba visima viwili vya majaribio huko, lakini havikuleta mafanikio. Utafiti ulifufuliwa mwaka 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, mvuke wa nyumbani ukaonekana kuwa mali. Kufikia 1985 Olkaria ilikuwa na megawati 45. Leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi.

Najivunia hilo. Umeme huu hausubiri mvua kujaza mabwawa, wala hauhitaji meli ya mafuta bandarini Mombasa. Lakini mwaka 2014, mtambo wa Olkaria IV ulipojengwa, familia za Wamaasai zilihamishiwa makazi mapya. Baadhi yao walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimekopesha fedha za mradi, na ikabidi pande zote zikae kwenye usuluhishi. Nishati tunayoiita safi ilikuwa imepita juu ya maboma ya watu.

Nikiulizwa tena swali lile, nitaandika 1981 kuhusu umeme, kwa sababu ndio ukweli. Kisha nitaomba karatasi ya ziada, niandike habari za pipa la Eburru na za waliohama Olkaria. Historia ya mvuke ikianzia kwenye swichi, walioishi nao huonekana kama wageni waliokuta mtambo umeshajengwa.

Niliporudisha kikombe, mzee alikitikisa na kukikinga tena chini ya bomba. Hakutaka tone lipotee.