Zabibu, Divai na Mchuzi: Historia ya Mzabibu Katika Nchi na Katika Lugha

Chang'ombe, wilayani Temeke, ni mtaa wa viwanda. Ndipo kilipo kiwanda cha konyagi, kinywaji kilichoanza kutengenezwa nchini mwaka 1970. Jina hilo limetokana na Cognac, mji wa Ufaransa wenye sifa ya pombe kali ya zabibu. Walakini konyagi ya Chang'ombe asili yake ni miwa, wala haina zabibu ndani yake. Kiwanda hicho hicho kimetoa pia divai yenye jina la Dodoma, nayo huuzwa katika maduka na baa za Temeke na Kinondoni. Basi katika vitongoji hivyo jina la zabibu limefika bila ya zabibu, na zabibu yenyewe imefika kutoka bara ikiwa na majina mengine. Tofauti hiyo ina historia yake.

Watu wa pwani walilijua tunda kabla ya kuujua mti. Kwa Kiarabu, zabib ni tunda lililokaushwa; bichi huitwa inab. Kiswahili kilitwaa jina la lile lililokauka, kwa kuwa ndilo lililoweza kuvumilia safari ya jahazi, kisha jina hilo likaenea hata kwa tunda bichi. Mti nao ukaitwa mzabibu kwa kanuni ya lugha, ingawa wengi walioutaja hawakuwahi kuuona.

Kinywaji kilipata majina mawili. Mvinyo ni neno la Kireno, vinho. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Maana ya neno ikapanuka hata ikashika kila kileo kikali. Divai, kwa upande wake, huelezwa kuwa ni du vin ya Kifaransa. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa waliingia Unguja mwaka 1863, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Nao hawakuweza kuadhimisha misa pasipo divai ya zabibu. Jina hilo likatiwa nguvu na Biblia ya mwaka 1952. Majina yote matatu, zabibu, mvinyo na divai, yalishuka bandarini pamoja na bidhaa.

Mti wenyewe ulitia mizizi Ugogo. Mwaka 1957 mapadre wa misheni ya Bihawana, karibu na Dodoma, walipanda mizabibu kwa haja ya altare. Nchi ile ni kavu, mvua zake ni za msimu mmoja, na njaa imeijua mara nyingi. Lakini ukavu unaoidhuru nafaka huusaidia mzabibu, kwa kuwa unyevu huleta ukungu. Ulaya mti hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hapana baridi ya kuulaza. Mkulima huupogoa, nao huchipua upya, hata akavuna mara mbili.

Aina za kigeni zilikuja na majina yake. Chenin Blanc ni ya bonde la Loire, na Syrah ya bonde la Rhône, zote za Ufaransa. Baadaye Hombolo ikapata Aglianico na Teroldego za Italia. Hata hivyo aina iliyoenea zaidi kwa wakulima ni nyekundu iitwayo Makutupora, kwa jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Hapo mwendo wa majina umegeuka: hili halikutoka bandarini.

Jambo hilo laonekana zaidi katika neno mchuzi. Zabibu zilizokamuliwa na kuwekwa mapipani, kabla ya kutiwa katika chupa, wakulima huziita mchuzi wa zabibu. Neno limetoka jikoni, nalo lina uzito wa maisha ndani yake. DOWICO, kampuni ya umma iliyonunua zabibu, ilipoanguka, wakulima wengi walikosa mnunuzi, na tunda bichi haliwezi kungoja. Baada ya siku chache huoza. Mwenye tunda hukubali bei yoyote, bali mwenye mchuzi aweza kusubiri. Kati ya maneno hayo mawili ndipo ilipo faida au hasara ya jasho la mwaka mzima.

Atungaye kamusi hana budi kulizingatia hilo. Akiandika divai na mvinyo peke yake, ameandika historia ya wale walioleta chupa. Historia ya wale waliopanda imo katika Makutupora na katika mchuzi. Na mnywaji wa Kinondoni, ajapo kuomba divai ya Dodoma, hulitamka neno la mapadre wa Kifaransa, lakini hunywa mchuzi wa Wagogo.