Asilimia 4.8 na Kaka Yangu

Kwa hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Mwaka huohuo kaka yangu, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, alipanda mlima mara mbili, Januari na Februari, kisha hakupanda tena mpaka mwaka ukaisha. Nasoma shahada ya uzamili katika historia ya uchumi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijaribu kuziweka habari hizi mbili kwenye ukurasa mmoja. Zote ni za kweli. Ninachotafuta ni mahali zinapokutana.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa Mtanzania aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa, na siku iliyofuata vyuo. Nilifungasha begi nikarudi nyumbani Marangu, nikamkuta kaka amekaa kibarazani, viatu vyake vya mlimani vimeoshwa na kuanikwa. Wapagazi hujiita wagumu. Mgumu hubeba mzigo wa hadi kilo 20 na hulipwa kwa safari, si kwa mwezi, na juu yake huja bakshishi ya mgeni. Mwezi usio na safari hauna kitu. Sehemu ya ada yangu ya mwaka wa pili ilikuwa itoke kwenye safari za Juni na Julai.

Jirani zetu walichagua njia nyingine. Kenya iliweka kafyu, Rwanda na Uganda zikawafungia watu majumbani. Rais Magufuli alikataa, akisema mtu anayeishi kwa anachopata leo hawezi kufungiwa ndani. Hoja hiyo siwezi kuibeza. Mama ntilie waliendelea kupika, bodaboda waliendelea kubeba abiria, na sokoni Himo ndizi ziliendelea kupakiwa kwenye malori. Kimya pia kilikuwa na gharama yake: takwimu za wagonjwa zilikoma zikiwa 509, na anayeandika historia ya mwaka ule leo anahesabu shilingi kwa urahisi kuliko anavyohesabu makaburi.

Tarehe 18 Mei anga ikafunguliwa. Tulidhani kaka atarudi kazini. Hatukufikiria kwamba mgeni anahitaji kufunguliwa milango miwili, wa kwake na wa kwetu. Wa kwetu ulikuwa wazi. Wa kwake, huko Ulaya na Marekani, ulikuwa umefungwa. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuja 620,867. Mapato ya utalii, yaliyokuwa yamefika dola bilioni 2.6, yakashuka hadi chini ya nusu. Serikali iliamua kutojifungia, lakini haikuwa na uwezo wa kuamua kwa niaba ya wateja wake.

Basi asilimia 4.8 ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, jibu linaanzia Geita na Mara. Dunia ikiingiwa na hofu, wenye fedha hukimbilia dhahabu. Mwanzoni mwa 2020 wakia moja iliuzwa kwa dola 1,500 na ushee. Agosti bei ikavuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Na sisi tulikuwa tayari kuuza. Masoko ya madini yalikuwa yameanza kufunguliwa mwaka uliotangulia ili kupunguza utoroshaji, na makubaliano ya Januari 2020 kati ya serikali na Barrick yalifungua tena njia ya makinikia, yaliyozuiwa kusafirishwa tangu Machi 2017. Mauzo ya dhahabu nje yakapanda kutoka dola bilioni 2.2 hadi zaidi ya bilioni 2.9, yakaupiku utalii. Bei ya mafuta nayo iliporomoka, hivyo tukatumia dola chache kuagiza. Hofu ileile iliyomfanya mgeni asipande ndege iliipandisha bei ya dhahabu yetu.

Kwenye daftari la Benki Kuu, dola ya dhahabu huziba pengo la dola ya utalii bila shida. Vijijini haiendi hivyo. Dola ya mlimani hupita kwa mpagazi, mpishi, muuza mboga na mwenye nyumba ya kulala wageni kabla haijafika benki. Dola ya mgodi mkubwa hupita kwa watu wachache, tena upande mwingine wa nchi. Hakuna mgumu aliyeamka Marangu akaajiriwa Geita kwa sababu bei ya wakia imepanda.

Hata hiyo 4.8 haikukubaliwa na wote. Benki ya Dunia ilikadiria ukuaji wa mwaka ule kuwa asilimia 2. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ya wataalamu tu, lakini idadi ya watu wetu huongezeka kwa takriban asilimia 3 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa 4.8, Mtanzania wa wastani ameongeza kidogo. Ukikua kwa 2, amepungukiwa. Na Zanzibar, ambako utalii ni zaidi ya robo ya uchumi na hakuna mgodi wa kuziba pengo, ukuaji ulishuka hadi asilimia 1.3. Zanzibar ilionyesha sura ya mwaka ule bila dhahabu.

Kaka hakuonekana popote kwenye takwimu hizi. Hakufukuzwa kazi, kwa kuwa hakuwa na mkataba wa kuvunjwa. Alirudi kihambani kumsaidia baba kupalilia kahawa na kukata mikungu ya ndizi. Kwa hiyo mtu wa takwimu angepita, angemwandika kuwa ana shughuli. Utafiti wa nguvukazi wa 2020/21 ulionyesha kwamba ukosefu wa ajira umepungua ukilinganisha na 2014. Siamini kwamba kuna aliyedanganya. Swali lililoulizwa lilikuwa kama mtu anafanya kazi, na kaka alikuwa anafanya. Aliuza mahema yake mawili ili nirudi chuoni Juni.

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 567. Oktoba Rais Samia akazindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Moja lilijengwa karibu na kwetu. Kaka alipata kibarua hapo cha kubeba matofali na mifuko ya saruji kwa wiki tatu.

Nilipompigia kumwambia kwamba naandika habari hii, alinyamaza kidogo. "Dogo," akasema, "sisi hatukuugua. Andika hivyo. Halafu andika na bei ya yale mahema."

Aliyauza kwa nusu ya bei aliyonunulia.