Ufa wa Mkuku Haufichwi kwa Deheni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu msomaji wa pwani, huenda ukastaajabu kuletewa habari za mkuku wa chombo kutoka Kituntu, huku kwenye vilima na migomba ya Karagwe. Lakini tarehe ya nchi hii inazo habari za vyombo, tena vyombo vilivyosafiri nchi kavu juu ya vichwa vya wapagazi.

Mwanzoni mwa mwaka 1876, zama za Mtawala Rumanika, Stanley alifika Karagwe, akakaribishwa Kafuro walikokaa wafanyabiashara Waarabu. Alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande 5 ili ibebeke. Hapa ikaungwa, ikatembea katika maziwa ya mto Kagera. Mashua ya namna hiyo mkuku wake si mti mmoja, na nguvu yake yote imo katika maungio.

Miaka 2 baadaye, Mackay, fundi na mmisionari kutoka Scotland, alikuta kusini mwa Ziwa Viktoria mashua iitwayo Daisy, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani, imeharibika. Akaitengeneza, na mwezi wa Agosti 1878 akatweka pamoja na mwenzake Wilson kwenda Buganda. Dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi ya ziwa, mashua ikavunjika. Mackay hakuja kwa ajili ya dini yetu, lakini kazi njema yafaa isemwe. Hakuziba tundu kwa matambara. Alikata sehemu ya katikati akaiondoa, mbao zake nzima akazitia viraka mbele na nyuma, kisha akaziunga pande mbili. Kazi ilichukua wiki kama 8. Chombo kikawa kifupi, lakini Novemba kikafika.

Sasa tuyatazame hayo kwa macho ya mafundi wetu wa pwani. Jahazi kuukuu likizidi kuvuja, fundi hayaamini maji ya ngama, kwani maji huingia pahala pengine yakakusanyika pengine. Hulipandisha wakati wa bamvua, hulitia magadi, hukwangua deheni. Maji yakishakupwa, hutazama panapoendelea kudondoka hali pengine pamekauka. Hugonga kwa nyundo: mti mzima hulia, mti uliooza hunyamaza. Huchoma kwa ncha ya kisu, na hutafuta michirizi ya kutu inayotoka kwenye misumari. Ufa ukiwa wa deheni tu, kalafati hutosha. Ufa ukipanuka chombo kinapopakiwa, basi maungio ya mkuku yamelegea, na pamba haitashika.

Hapo dawa ni moja. Hung'olewa ubao wa kwanza unaoshikana na mkuku, hukatwa uozo mpaka kwenye mti mzima, na mti mpya huungwa kwa mkato mrefu wa mshazari, si kichwa kwa kichwa. Misumari mirefu hupitishwa mpaka upande wa pili. Ndipo huja pamba na mafuta, na mwisho kabisa deheni.

Yupo mwenye chombo anayeanza na huo mwisho. Anaujua ufa, anaupaka deheni nyeupe ikang'ara, kisha anamuuzia ndugu yake, au anapakia watu na watoto wao. Jicho la mnunuzi haliuoni. Mwenyezi Mungu anauona. Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni alitia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke juu watu wauone, akamweleza kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Basi ikiwa nafaka mbichi ina hukumu hiyo, itakuwaje mkuku uliobeba roho za watu?

Ewe mzazi, na nyumba zetu ni hivyo hivyo. Ndugu wawili wakigombania urithi, wakapeana mikono mbele ya wageni na haki ya dada yao haijatolewa, hiyo ni deheni juu ya ufa. Siku ya shehena nzito utafunguka. Kata uozo kwanza, mpe kila mwenye haki haki yake, hata nyumba ikiwa fupi kama ile Daisy. Chombo kifupi kilichofika ni bora kuliko kirefu kilichozama.

Wabillahi tawfiq.