Damu kwenye chuchu, na kamera nyembamba inayoingia ndani ya mrija wa maziwa

Umevua sidiria ukaona doa la damu upande mmoja. Titi haliumi, wala hunyonyeshi. Usinyamaze kwa sababu haliumi, na usijihukumu kuwa tayari una saratani. Mara nyingi chanzo ni papiloma, yaani kinyama kidogo kisicho saratani kilichoota ndani ya mrija wa maziwa. Lakini saratani nayo huweza kuanza hivyohivyo, na kwa kutazama nje hakuna awezaye kuvitofautisha.

Ndiyo maana baadhi ya hospitali duniani hutumia kamera yenye unene wa kama milimita 1. Chuchu hutiwa ganzi, daktari hutafuta tundu linalotoa damu, hulipanua taratibu, kisha hupitisha kamera huku maji ya chumvi yakiufungua mrija. Titi halipasuliwi. Kwenye skrini anaona kinyama kilipo. Pengine anakitoa hapohapo, au anaonyesha mahali ili mpasuaji aondoe mrija huo mmoja tu. Kwa mama anayetaka kunyonyesha tena, hilo si jambo dogo. Hata hivyo kamera haifiki kwenye vijirija vya mwisho, na kinachotolewa lazima kipimwe maabara.

Kifaa hiki ni adimu hata katika nchi tajiri, kwa hiyo usikisubiri. Ukiwa Karema, anzia kituo cha afya. Mweleze mhudumu kama ni titi moja au yote mawili, tundu moja au mengi, na kama majimaji yanatoka yenyewe. Usikamue kila siku ili kuangalia. Kukamua kwenyewe huyafanya yaendelee. Omba rufaa ya hospitali ya mkoa, Mpanda, upimwe kwa ultrasaundi. Ikibidi, utapelekwa mbele zaidi, Mbeya au Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli ni mzigo, tunajua, basi zungumza na wa nyumbani mapema. Ukiona pia uvimbe, chuchu iliyoanza kuingia ndani, au ngozi kama ganda la chungwa, nenda wiki hii hii.

Mama uliyejifungua juzi, damu kidogo kwenye maziwa ya siku za mwanzo kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja. Endelea kunyonyesha, haimdhuru mtoto. Ikizidi wiki, kapimwe.

Na kama ni baba anayetokwa na damu kwenye chuchu, naye aende.