Homa Iliyopanda Meli Pamoja na Askari

Sisi tukaao Rasbura, hapa Lindi, twaijua homa ya malaria tangu utoto. Lakini liko jambo ambalo wengi hawalisadiki: mtu aweza kutoka pwani akiwa mzima, akakaa siku nyingi katika nchi ya baridi isiyo na mbu, kisha homa ikamwangusha huko. Ndipo watu husema, "Amerogwa ugenini." Basi na tutazame habari za vita.

Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka Kilwa na Lindi ili kupigana na Wadachi. Mwaka 1917 walipigana Narungombe mwezi wa Julai, na Mahiwa mwezi wa Oktoba. Miongoni mwao walikuwamo askari wa Afrika Kusini. Maradhi yaliwaangusha watu wengi kuliko risasi, na malaria ndiyo iliyotangulia. Maelfu wakarudishwa kwao kwa meli. Lakini wako waliodhaniwa wamepona, nao wakashikwa na homa tena majumbani mwao, mbali na mbu wa pwani yetu.

Sababu yake ni nini? Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mwaka 1948 Shortt na Garnham walionyesha kwamba vijidudu hivyo hukaa kwanza katika ini la mtu, ndipo viingie damuni. Aina iliyo kali, nayo ndiyo iliyoenea kwetu, kwa kawaida huleta homa baada ya siku 7 hata mwezi mmoja. Lakini kwa mtu aliyezoea malaria tangu utoto, au aliyemeza dawa ya kuizuia, yaweza kukawia zaidi. Ziko aina nyingine zilalazo katika ini miezi mingi, hata miaka, kisha zikaamka.

Hapo ndipo penye hatari. Daktari wa nchi isiyo na malaria aweza kudhani ni mafua, na aina ile kali huua kwa siku chache. Tena mtu wa pwani akaaye ugenini miaka mingi hupungukiwa na kinga yake. Akija kwao kusalimu jamaa, akirudi huko aweza kuugua vibaya.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, ukishikwa na homa ugenini, usingoje. Mwambie daktari, "Nimetoka Lindi," ukaombe damu yako ipimwe. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.